Tiyo zinapiga ukuta usiku: ni upepo, ni haraka ya mkono, ao ni kampira?

Saa nane ya usiku, mu kartye mingi za Lubumbashi, maji yanarudi. Mtu haanzi kwa kusikia maji yenyewe, anasikia tiyo. Robine inakohoa, inatema mate, inapuliza kama mtu mwenye ametoka mbio, kisha mu ukuta kunatoka pigo: ndu! Kidogo tena: ndu, ndu, ndu! Mtoto anaamka na kulia. Mama moja anatoka na kitenge begani, anaanza kupanga bidoni, na mu lupango sauti inaita: “Mayi imekuya! Mayi imekuya!” Kwa dakika kumi nyumba inatetemeka. Kisha kimya, na kila mtu anasahau yale makelele paka usiku wenye kufuata.

Wengi wamezoea. Kuko hata wenye kufurahi, sababu yale makelele njo saa yao ya kuamka. Wengine, wakisikia ukuta unapigwa saa ya giza na hakuna mtu anayesimama pale, wanasema ni bulozi. Hapana, ndugu msomaji, mulozi hana kazi na tiyo yako. Kitu kinachopiga kiko na jina, kiko na sababu, na wenye elimu walikwisha kukipima tangu zaidi ya miaka 120. Neno la kujua ni kwamba kila pigo linakula kitu: kiungo kinalegea, gundi inapasuka, na siku moja sima ya ukuta inaanza kutoa jasho. Siku ile fundi hatakuja na kle peke yake, atakuja na nyundo ya kubomolea.

Maji ni mzigo wenye kukimbia

Tunawaza maji ni kitu laini. Lakini litre moja ya maji iko na kilo moja, na kilo haina ulaini ikikupiga. Twaa tiyo ya galva ya metre 20, yenye tundu la milimetre 20: ndani yake kuko kama litre 6. Ni kilo 6 zinazotembea pamoja, sawa treni ndogo. Ukifungula robine, treni inakimbia. Ukifunga mara moja, behewa la mbele linasimama, lakini yale ya nyuma hayajapata habari; yanakuja na nguvu zao zote, yanasukumana. Upepo ungekubali kubanwa. Maji karibu hayakubali. Ile nguvu inakosa pa kwenda, inageuka kuwa msukumo, na msukumo unarudi nyuma mu tiyo kwa mbio ya zaidi ya kilometre 1 kwa segonde, unafika ku mwisho, unarudi tena. Kila mara unapopita, tiyo inaruka. Kama haikushikwa vizuri, inagonga ukuta. Njo ile ndu, ndu, ndu, yenye kupunguka kidogo kidogo paka inakwisha.

Kwa Kifaransa jambo hili linaitwa coup de bélier. Bélier ni kondoo dume, yule wa kupiga kichwa. Ni pia jina la ule mti mzito wenye askari wa zamani walikuwa wanabeba kwenda kubomoa mlango wa ngome. Jina linafaa. Mu miaka 1897 na 1898, kule Moscow, profesa Nikolai Joukowsky alipima mapigo haya ku tiyo za maji za ule mji, akatoa kanuni ambayo mainjinia wanatumia hata leo. Kwa maneno ya nyumbani ni hivi: maji yenye kutembea metre 1 kwa segonde mu tiyo ya chuma, ukiyakata kabisa kwa ghafla, msukumo unapanda kwa kama bar 13. Na msukumo mzuri mu nyumba ni kama bar 3 tu. Kwa kipande kidogo cha segonde, tiyo yako inabeba mara 5 ya mzigo wake. Kama maji yalikuwa yanakimbia metre 2 kwa segonde, yale 13 yanakuwa 26.

Mu tiyo ya PVC pigo ni dogo, kama bar 4 ao 5 kwa mwendo ule ule wa metre 1, kwa sababu plastiki inatanuka kidogo na kupokea nguvu. Ile tiyo nyeusi ya kukunja, ya polietileni, inapokea zaidi tena. Njo maana nyumba za zamani zenye tiyo za chuma zinapiga makelele kuliko nyumba mpya. Lakini mwenye PVC asicheke mapema: chuma kinapiga kelele na kuvumilia, PVC inanyamaza na kuachia pale penye gundi.

Si kila mara nguvu hii ni adui. Joseph Montgolfier, moja wa wale ndugu wawili wa Ufaransa wenye walirusha baluni ya hewa ya moto mu 1783, alitengeneza mu 1796, ku kiwanda chake cha karatasi kule Voiron, mashine yenye kutumia pigo hili kupandisha maji. Haiombi umeme wala mazuti. Maji ya mto yanashuka mu tiyo, klape inajifunga kwa ghafla, pigo linasukuma sehemu ndogo ya maji juu ku mlima, klape inajifungula, inaanza tena, usiku na mchana. Ile mashine inafanya kwa makusudi kitu chenye nyumba zetu zinafanya kwa bahati mbaya.

Upepo wa saa nane

Mu vitabu vya Ulaya, mkosaji wa kwanza ni mashine ya kufua nguo, kisha robine za kisasa zenye kufungwa kwa kugeuza robo tu. Kwetu mkosaji wa kwanza ni kukatika kwa maji. Maji yakiisha mu tiyo, upepo unaingia. Kila mtu mu lupango anapita kufungula robine aone kama kuko kitu, anaiacha wazi, na kila robine wazi ni mlango wa upepo. Saa ya maji kurudi, upepo wote unapaswa kutoka, na pale njo kuna shida yenyewe.

Upepo ni mwepesi kuliko maji kama mara 800. Unapita mu tundu la robine bila taabu. Nyuma yake maji hayapati kitu cha kuyazuia, basi yanakimbia mu tiyo tupu kwa mwendo wenye hayapatake saa ya kawaida. Kisha yanafika ku robine. Lile tundu lililopitisha upepo kwa urahisi ni dogo sana kwa maji; treni iliyokuwa mbio inapaswa kupunguza mwendo kwa nukta moja. Ndu! Kisha kipande kingine cha upepo kinapita, maji yanakimbia tena, yanasimama tena. Ndu, ndu!

Sasa angalia desturi yetu. Mbele ya kulala, mtu anafungula robine paka mwisho, anaweka beseni tupu chini, kusudi maji yakianguka mu beseni yamwamshe. Beseni inaamsha kweli. Lakini robine iliyo wazi kabisa njo inaachia upepo utoke mbio, na upepo ukitoka mbio maji nayo yanakuja mbio. Ile desturi njo inatengeneza pigo kubwa kuliko yote. Kuna tena jambo la feza: kompteri nyingi za nyumba zinahesabu kwa kagurudumu kenye kuzungushwa na kile kinachopita. Kagurudumu hakajui kama ni maji ao ni upepo. Upepo ukipita mbio, nako kanazunguka mbio, na ku faktire unalipa metre kibe za upepo.

Sitasema tuache beseni. Mama mwenye batoto sita hawezi kulala na kukosa maji ya juma nzima juu ya ushauri wa gazeti. Lakini robine isiwe wazi kabisa. Fungula moja tu mu nyumba, ile ya juu kuliko zingine ao ya mbali kuliko zote, na uifungule kidogo: kiasi upepo upite kwa kupiga mluzi, siyo kwa kupiga kelele. Mluzi nao unaamsha. Zile zingine zote ziwe zimefungwa, pamoja na ya dushi na ya musalani. Maji yakianza kutoka bila kutema mate, ongeza kidogo kidogo, kisha fungula zingine moja kwa moja, siyo zote pamoja.

Na kama lupango iko na vani karibu na kompteri, kuko njia nzuri zaidi: maji yakikatika, funga ile vani, uache robo tu. Usiku maji yatakuja pole pole, tiyo zitajaa bila vita, na asubuhi ao ile saa ya kuamka unaifungula yote. Kazi hii inaomba mtu moja mwenye kuhesabiwa, maana mu lupango ya nyumba tano, kila mtu akishika vani kwa mawazo yake, vita ya tiyo inageuka vita ya watu. Mara nyingi vani yenyewe imeshikwa na kutu kwa sababu haikuguswa tangu ilipowekwa. Usiilazimishe na tiyo ndefu ku kle, itakatika shingo. Iguse kidogo mbele na nyuma, mafuta kidogo, kesho tena.

Kile kinachotoka, na kile kinachoingia

Kuna jambo lenye linafanya niseme hii habari si ya usingizi peke yake. Kiungo kilicholegezwa na mapigo kinatoa maji nje wakati kuna msukumo. Hiyo tunaiona: matope, faktire. Lakini maji yakikatika, msukumo unakwisha, na tundu lile lile lililokuwa linatoa linaanza kuvuta. Linavuta nini? Linavuta kile kilicho karibu. Mu kartye zetu tiyo inapita chini ya mfereji, kando ya shimo la musalani, ao inalala wazi mu maji ya mvua. Kolera hatuijui kwa kusikia tu mu Katanga, wala mu Kivu.

Basi maji ya kwanza yenye kutoka saa nane, yale yenye rangi ya chai, si ya kunywa hata kama kiu ni kikali. Yaende ku ndoo ya kusafisha chini na ya kumwaga mu musalani. Yakitakata, jaza bidoni, na yale ya kunywa uyachemshe ao uyatie dawa ya klore. Kuona maji yametakata si kusema ni safi.

Sikiliza kwanza, ita fundi kisha

Makelele ya tiyo hayafanani, na mtu mwenye masikio anaweza kusema ugonjwa mbele fundi hajafika. Kama ni pigo moja kubwa wakati wa kufunga robine, tumekwisha kulisema: mkono unakata maji haraka. Robine ya zamani ya kuzungusha inajifunga pole pole yenyewe, maana inaomba mizunguko mitatu ao ine. Ile ya kugeuza robo, nzuri kwa macho, inakata kwa mara moja. Dawa yake ni mkono tu: ihesabie moja, mbili, tatu wakati unaifunga. Na tiyo kadiri ilivyo ndefu toka barabarani, subira nayo iwe ndefu, sababu maji mengi njo yanapaswa kusimama. Fundisha batoto, wao njo wanapiga ile robine na kofi.

Kama tiyo inalia wakati maji yanatoka, inavuma kama ng’ombe ao inatetemeka drrrr, na ukifungula zaidi ao ukipunguza inanyamaza, hiyo karibu kila mara ni kampira ka ndani ya robine, kale mafundi wanaita klape. Kamekwisha, kamelegea ku kichwa chake, maji yanakachezesha. Ni kazi ya dakika 15 na feza kidogo. Funga vani, fungula robine imwage maji yote, shika kichwa chake na kle (weka kitambaa kati, usikwaruze), zungusha, toa, angalia. Kampira kakiwa na mfereji katikati, tupa. Nunua kenye kipimo kile kile, uende ku duka na ka zamani mu mkono. Wengi wanakata kampira ka kuweka mule ku kauchu ya kinga. Inazuia maji kwa siku kadhaa, lakini ile kauchu ni laini na nyembamba, inapepea mu maji, na makelele yanarudi makubwa kuliko ya kwanza.

Kama ni ku musalani, kisha kuvuta shasi, na mapigo yanakuja kwa mfululizo wakati sanduku linakaribia kujaa, mkosaji ni flotere. Inapanda, inafunga maji, wimbi linaitingisha, inafungula, inafunga tena. Punguza maji ku karobine kadogo kenye kuwa chini ya sanduku. Mara nyingi inatosha. Kama haitoshi, badilisha klape ya flotere.

Mlio mdogo mdogo, ta… ta… ta…, chini ya mabati saa ya jua kupanda ao saa ya baridi ya magaribi, si pigo la maji hata kidogo. Ni joto. Tiyo ya PVC ya metre 10, ikitoka ku baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba na kufika ku joto la mabati saa sita, inaweza kurefuka kwa karibu sentimetre 2. Kama imebanwa na sima pande zote mbili, inajikwaruza ku mbao na kulia. Usitafute klape, ipe nafasi ya kutembea, na pale inapita mu ukuta ivishwe kipande cha tiyo kubwa.

Wenye foraji wako na pigo lao, na ni la hatari zaidi. Pompi inasukuma maji juu ku siterne, umeme unakatika, kwa nukta moja maji yanaendelea kupanda, kisha yanaanguka yote pamoja na kukuta klape yenye imechelewa kujifunga. Mtaa mzima unasikia. Klape ya mlango wenye kuning’inia inachelewa. Ile yenye resori inajifunga mbele maji hayajageuka, na kwa mji wenye umeme wa kukatika-katika, njo ya kununua hata kama bei inapanda. Ukizimisha pompi kwa mkono wako mwenyewe, punguza kwanza vani, kisha zima. Kama kuko ile baluni ya msukumo kando ya pompi, itazame hewa yake mara moja kila miezi michache. Zima, mwaga maji yake, bonyeza valve ndogo yenye kufanana na ya kinga. Ikitoka maji, utando wa ndani umepasuka. Ikitoka hewa dhaifu, ijaze, hata na pompi ya kinga, paka bar 0,2 chini ya ule msukumo wenye pompi inawakia.

Mbele ya kununua kifaa

Mu kenkayeri utapata kifaa kinaitwa anti-belye: kachupa ka chuma kenye hewa na resori ao utando ndani, chenye kupokea pigo mahali pa tiyo. Ni kizuri, kikiwekwa karibu kabisa na robine ao mashine yenye kuleta pigo. Kikiwekwa mbali, ku kompteri kwa mfano kwa sababu pale kulikuwa nafasi, kinasaidia kidogo tu. Lakini naona watu wanakinunua mbele ya kufanya kazi ya kwanza, yaani kushika tiyo. Tiyo yenye kuning’inia ku musumari uliokunjwa itagonga hata ukiivisha anti-belye tatu. Iwe na kola kila metre 1 hivi, zenye kauchu ndani, na pale inapogeuka kona iwe na kola pande zote mbili. Mara nyingi makelele yanakwisha pale, na feza inabaki.

Kuko pia njia ya mafundi wa zamani: karibu na robine yenye kusumbua, wanasimamisha kipande cha tiyo cha sentimetre 40 ao 50, kimezibwa juu. Hewa inabaki mule, maji yakipiga inajibana kama mto wa kulalia. Vitabu vinalaumu njia hii, kwa sababu pole pole maji yanakula ile hewa, na baada ya miezi tiyo inajaa. Ulaya wana haki ya kulaumu. Kwetu, tiyo zinabaki tupu mara kwa mara, hewa inaingia upya bila kuitwa, na kile kipande kinafanya kazi miaka. Penye maji yanakuja kila siku bila kukatika, funga vani, fungula robine ya chini na ya juu, mwaga yote, kisha jaza tena.

Na jambo moja kwa wenye kujenga sasa: usikubali fundi afunike tiyo na sima siku ile ile amezibandika. Jaza maji, funga robine zote, acha usiku mzima, asubuhi pitisha kidole ku kila kiungo. Fundi mwenye haraka ya kufunika, jiulize anaficha nini.

Watu wa Bukavu wako na shida yao ya peke, ile ya milima. Kila metre 10 za kushuka zinaongeza bar 1. Nyumba yenye kuwa metre 80 chini ya siterne inapokea karibu bar 8 usiku, wakati hakuna mtu anashota maji, na pale hata mkono mpole hautoshi. Kule inaomba kifaa cha kupunguza msukumo, kiwekwe kisha kompteri na kupimwa bar 3. Goma ni ingine tena: jiwe la Nyiragongo ni ngumu kuchimba, tiyo nyingi zinalala juu juu, na tiyo ya kulala ku jiwe kali, ikiruka kila usiku, inajikata yenyewe. Mufuko wa mchanga chini yake ni kitu kidogo, lakini unasaidia.

Nani analipa?

Hapa njo vita vinaanza. Lokatere anasema: “Papa bailleur, nyumba ni yako.” Mwenye lupango anajibu: “Batoto bako njo banapiga robine.” Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Desturi yenye akili ni hii: vitu vya kuchakaa kwa mkono, kampira, klape, flotere, viwe vya lokatere, tiyo za mu ukuta na mu udongo, vani, kola, viwe vya mwenye lupango. Iandikwe ku mkataba siku ya kuingia, pamoja na namba ya kompteri yenye kusomwa mbele ya wote wawili. Na penye kompteri moja inatumika na nyumba nyingi, faktire ikipanda ghafla, musianze kuhesabu ndoo za jirani. Chagueni saa moja yenye maji yako, kila mtu afunge robine zake zote, kisha mtu moja wa kila nyumba aje kusimama mbele ya kompteri. Angalieni kale kagurudumu kadogo kwa dakika 10. Kakisimama, tiyo ni nzima, zungumzeni mambo ya ndoo. Kakizunguka, maji yanatoka mahali.

Kupata mahali pale si rahisi mu masika, wakati lupango nzima ni matope. Mungojee mwezi wa saba, udongo ukiwa umepasuka kwa ukavu, mtembee pole pole toka kompteri paka ku nyumba ya mwisho, na kuangalia ni wapi majani yamebaki mabichi.